Kwa nini 555 mbili zinagombana kwenye betri moja

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha 5, Tanga. Nimeunga king'ora kwa chipu mbili za kupima muda, NE555, kwenye bredibodi, betri ya volti 9. Ya kwanza inawasha na kuzima taa ya LED. Ya pili inatoa mlio kwenye spika ya omu 8 niliyoiunga kati ya mguu wa 3 na hasi. Mguu wa 3 wa chipu ya kwanza nimeupeleka mguu wa 5 wa chipu ya pili kwa rezista ya 10k (omu 10,000). Zote mbili zina R1 ya 10k na R2 ya 68k; kapasita ni maikrofaradi 10 kwa taa na nanofaradi 10 kwa mlio. Kila moja peke yake inafanya kazi, ingawa hesabu inasema taa iwake mara 59 kwa dakika na mimi nahesabu 50. Nikiziunganisha, mlio unakwaruza, taa inakimbia ovyo, na chipu ya pili inaunguza kidole. Rafiki yangu anasema ninunue 556 niachane na hizi. Nimekosea wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na hesabu yako, kwa sababu ni safi. R1 ukiijumlisha na R2 mara mbili unapata 146k. Zidisha kwa maikrofaradi 10 upate 1.46, gawa 1.44, namba ya kudumu kwenye fomula ya 555, kwa hiyo 1.46, jibu ni karibu Hz 0.99, yaani mara 59 kwa dakika. Kwa mlio umeacha rezista zilezile ukapunguza kapasita mara 1,000, basi masafa yamepanda mara 1,000 hadi karibu Hz 990. Huo ni uchaguzi wa mtu anayefikiri, maana saketi mbili zenye rezista sawa ni rahisi kuzikagua: kinachotofautiana ni kapasita tu.

Kosa liko kwenye kitu ambacho fomula haikitaji hata kidogo, nacho ni umeme unaofika mguu wa 8.

Tuingie kwanza ndani ya chipu. NE555 ina rezista tatu zinazolingana, kila moja karibu omu 5,000, zilizopangwa kwa mstari kutoka mguu wa 8 ulio chanya hadi mguu wa 1 ulio hasi. Zinaugawa umeme mafungu matatu sawa. Kwa volti 9, alama ya juu inakaa volti 6 na ya chini inakaa volti 3. Mguu wa 6 unaangalia kama kapasita imefika alama ya juu, mguu wa 2 unaangalia kama imeshuka hadi alama ya chini. Kapasita inajaa kupitia R1 na R2 mpaka volti 6. Hapo mguu wa 3 unashuka, na transista iliyo kwenye mguu wa 7 inafunguka na kuimwaga kapasita kupitia R2 peke yake mpaka volti 3. Kisha mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana R2 inahesabiwa mara mbili kwenye fomula na R1 mara moja: R2 inapitiwa wakati wa kujaa na wakati wa kumwaga.

Aliyeibuni chipu hii ni Hans Camenzind, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, mwaka 1971, kwa mkataba na kampuni ya Signetics. Ilianza kuuzwa 1972. Muundo wake wa kwanza ulihitaji miguu 9. Baadaye akaona kwamba kapasita inaweza kujazwa kwa rezista ya kawaida tu, miguu ikapungua ikawa 8 na chipu ikawa rahisi kutengeneza. (Kuna hadithi kwamba jina 555 limetokana na zile rezista tatu za 5k. Camenzind mwenyewe aliikanusha; alisema namba ilichaguliwa na Art Fury wa Signetics.) Uzuri wa muundo huo ni kwamba alama za juu na chini hupimwa kutokana na umeme uleule unaoijaza kapasita. Betri ikichoka kutoka volti 9 hadi 7, kapasita inajaa kwa kasi ndogo zaidi, lakini na alama zimeshuka kwa kiwango kilekile, hivyo muda haubadiliki. Ukisikia mtu anasema taa yako inakimbia kwa sababu betri imechoka, mwambie aisome chipu tena.

Ila kinga hiyo inafanya kazi pale umeme unaposhuka polepole. Ukishuka ghafla, alama zinashuka nao papo hapo, wakati kapasita imeshikamana na hasi na inalishwa kupitia rezista kubwa, kwa hiyo volti zake hazina haraka ya kwenda popote. Kwa kitambo hicho kifupi chipu inadanganyika: kapasita ilikuwa inapanda polepole kuelekea alama, sasa alama yenyewe imeishukia. Chipu inaona kazi imekwisha, inageuka kabla ya wakati.

Tuipe namba, kwa sababu bila namba haya ni maneno matupu. Kapasita yako ya taa ikikaribia volti 6 inapanda kwa volti 3.8 hivi kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kinyonga. Tuseme betri inaanguka kwa volti 0.6 kila chipu ya mlio inapovuta umeme. Theluthi mbili za 0.6 ni 0.4, basi alama ya juu inashuka hadi volti 5.6. Chipu ya taa itageuka karibu sehemu ya kumi ya sekunde mapema, katika kipindi kilichotakiwa kuwa sekunde 0.54. Ndiyo hiyo taa inayokimbia. Tena mianguko hiyo inakuja karibu mara 1,000 kwa sekunde, na kina chake kinabadilika kadiri mlio unavyobadilika, kwa hiyo taa haikimbii hata kwa mpangilio. Chipu ya polepole ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa inakaa muda mrefu jirani na alama. Ya haraka inapita mara moja, ingawa nayo inapata makwaruzo.

Mianguko inatoka wapi? Kwako inatoka mahali pawili.

Kwanza ni tabia ya NE555 yenyewe. Kwenye mguu wa 3 kuna upande wa transista unaovuta juu na mwingine unaovuta chini. Wakati wa kubadilishana, kwa kitambo kifupi mno, pande zote mbili zinapitisha umeme kwa pamoja, yaani unapata shoti ndogo kutoka chanya hadi hasi, ya miliampea mia kadhaa. Chipu haiungui kwa sababu kitambo chenyewe ni kifupi, lakini betri ya volti 9 na nyaya ndefu za bredibodi haziwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla hivyo bila volti kuanguka. Kila NE555 inafanya hivyo, ya dukani au uliyoichomoa kwenye kifaa kibovu.

Pili ni hiyo spika, na hapa nitakukaripia kidogo. Mguu wa 3 wa NE555 umewekewa kikomo cha miliampea 200. Ukiwa juu unatoa karibu volti 7.5, na 7.5 ukigawa kwa omu 8 ni zaidi ya miliampea 900. Chipu haiwezi kuzitoa zote, lakini inajaribu, na joto unalolisikia kwa kidole ndilo jaribio lenyewe. Mguu wa 3 uko juu kwa zaidi ya nusu ya muda, kwa hiyo chipu haipumziki vya kutosha. Spika nayo inasukumwa upande mmoja tu, koni inabaki imejisogeza mbele, na hilo linachangia mkwaruzo. Chipu ya namna hiyo inaweza kuishi wiki nzima au ikafa leo jioni.

Sasa dawa. Anza na spika. Kutoka mguu wa 3 weka kapasita ya elektroliti ya maikrofaradi 100, upande wa chanya ukitazama chipu, kisha rezista ya omu 47 (njano, zambarau, nyeusi), kisha spika, kisha hasi. Kapasita inazuia umeme wa moja kwa moja na kupitisha mlio peke yake, na rezista inaushikilia mkondo kwenye miliampea 70 hivi kwa kilele. Tafuta rezista ya nusu wati, kwa kuwa ya robo wati itakuwa inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake. Sauti itapungua, ndiyo. Ukitaka kelele ya kuamsha mtaa, weka transista kati ya chipu na spika na uilishe kwa umeme wake. 555 haikuumbwa kuwa amplifaya.

Baada ya hapo, chukua kapasita mbili za seramiki zilizoandikwa 104, yaani nanofaradi 100. Moja iunge kati ya mguu wa 8 na mguu wa 1 wa chipu ya kwanza, nyingine hivyohivyo kwa ya pili. Ziwe zimeegemea chipu kabisa, na miguu yake uikate iwe mifupi. Kisha weka elektroliti ya maikrofaradi 220 au 470, yenye kustahimili volti 16 au zaidi, kwenye mistari ya chanya na hasi karibu na chipu ya mlio. Kazi yake ni kama ya tangi la maji juu ya nyumba: bomba la mtaani linaweza kuwa dhaifu, lakini ukifungua koki unapata maji ya tangi, nalo linajazwa taratibu baadaye. Seramiki inatoa umeme wa haraka mno, elektroliti inatoa ule mwingi. Ukiweka moja ukaacha nyingine utapata nusu ya nafuu. Na hakikisha hukugeuza chanya na hasi kwenye elektroliti, kwa sababu ikigeuzwa inavimba na inaweza kupasuka.

Kabla hujawasha, angalia mguu wa 4 kwa chipu zote mbili. Hukuutaja kwenye swali lako, nami mtu asipoutaja huwa nauulizia. Huo ndio mguu wa kuzimia. Ukiachwa unaning'inia unaokota kelele za hewani na kuizima chipu unapojisikia. Uunge na chanya. Mguu wa 5 wa chipu ya taa nao upe kapasita ya 103 kwenda hasi, kwa sababu huo ndio mlango wa ile alama ya juu, na mlango ulio wazi unaingiza kelele.

Ukishafanya hayo na taa bado ikachechemea, itenge chipu ya taa kwa diodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Chanya ya betri ipite kwenye diodi ya 1N4007, iingie mguu wa 8 wa chipu hiyo, na papo hapo pawe na elektroliti ya maikrofaradi 220 kwenda hasi. R1 ya chipu hiyo nayo ichukue umeme baada ya diodi. Ikibaki kabla yake umefanya kazi bure. Betri ikianguka, diodi inafunga njia na kapasita inaendelea kuilisha chipu. Utapoteza karibu volti 0.7, lakini kama nilivyoeleza, 555 haijali volti zinapokuwa tulivu.

Na betri yenyewe? Ile ya mstatili ya volti 9 inafaa kwa majaribio mafupi, lakini ndani yake ina ukinzani mkubwa, na ikizeeka ukinzani unaongezeka. Betri 4 za AA, volti 6, zitakutumikia vizuri zaidi kwa king'ora. Hata chaja ya simu ya volti 5 inatosha, kwani NE555 inaanzia volti 4.5, ila ukiweka diodi niliyoitaja, chipu ya taa itabakiwa na volti 4.3, chini ya kikomo. Kwa chaja iache diodi.

Sasa hizo mara 50 badala ya 59. Hili ni jambo jingine kabisa, maana unalipata hata chipu ya taa ikiwa peke yake. Elektroliti iliyoandikwa maikrofaradi 10 mara nyingi inaruhusiwa kupotoka asilimia 20 juu au chini. Yako ikiwa 12, gawa 59 kwa 1.2 uone: unapata 49. Fomula iko sawa, ila kapasita haisemi kweli, na hilo ni jambo la kawaida kwa elektroliti. Suluhisho rahisi ni kuweka rezista ya 47k ikifuatana na volyumu ya 50k mahali pa R2. Hapo unaweza kukokota kutoka 47k hadi 97k mpaka taa ifuate saa yako, hata kama kapasita imekosea asilimia 20 upande wowote. Njia safi zaidi ni kuachana na elektroliti: tumia kapasita ya filamu ya maikrofaradi 1, R1 ya 100k na R2 ya 680k. Muda unabaki uleule. Lakini rezista zikiwa kubwa hivyo, mkondo mdogo unaovujia kwenye miguu ya 2 na 6 ya NE555 unaanza kuonekana kwenye hesabu, kwa hiyo hapo tafuta 555 ya CMOS, aina inayotumia umeme mdogo sana, kama TLC555 au ICM7555. Hizo mkondo wake wa miguu ni mdogo kiasi kwamba unausahau, na zile shoti za kugeuka ni ndogo mno kuliko za NE555. Kwa upande wa taa ningezichagua bila kufikiri mara mbili. Kwa upande wa spika hapana, kwa sababu mguu wao wa 3 ni dhaifu. TLC555 kusukuma nje inaishia miliampea 10 tu.

Kama huna osiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, malitimita ya bei nafuu inatosha. Iweke kwenye volti za moja kwa moja, gusa mguu wa 3 wa chipu ya mlio, kisha hasi. Chipu ikiwa inapiga mlio utasoma karibu volti 4, kwa sababu mita inakupa wastani wa juu na chini. Ukisoma 7 na ushei bila kutikisika, au sifuri, imekwama. Halafu nenda mguu wa 5. Waya wa 10k ukiwa umechomolewa, pawe na theluthi mbili za betri, volti 6 kwa betri mpya. Ukiurudisha, na chipu ya taa ikiwa inafanya kazi, namba zitapishana kati ya 6.4 na 4.5 hivi. Mita ikishindwa kuufuata mwendo, badilisha kwa muda kapasita ya taa uweke ya maikrofaradi 100, kila kitu kiende mara 10 polepole. Kwa volti 6.4 mlio unatakiwa uwe karibu Hz 920, na kwa 4.5 karibu Hz 1,270. Programu ya simu ya kupima masafa ya sauti itakuthibitishia. Angalia kwamba taa ikiwaka, ikiwa umeiunga kati ya mguu wa 3 na hasi, mlio unakuwa mzito, na taa ikizima unakuwa mwembamba. Wengi wanatarajia kinyume. Sababu yake ni kwamba kuipandisha alama ya juu kunaipa kapasita safari ndefu zaidi ya kujaa.

Rafiki yako hajakosea kabisa kuhusu 556, ila hajakutibu ugonjwa. 556 ni 555 mbili ndani ya kasha moja la miguu 14, zinazoshirikiana chanya na hasi. Shoti za kugeuka ni zilezile, na sasa zinapita kwenye waya mmoja. Bila kapasita za kulishia utapata mkwaruzo uleule, na spika ikiunguza upande mmoja umepoteza zote mbili. Faida yake ni nafasi kwenye bodi. Ukiichukua, usitumie mchoro wa miguu ya 555: hasi ni mguu wa 7, chanya ni 14, matokeo ni 5 na 9, kuzimia ni 4 na 10, na milango ya alama ni 3 na 11.

King'ora kikishatulia, jaribu jambo moja. Kwenye mguu wa 5 wa chipu ya mlio, weka elektroliti ya maikrofaradi 47 kwenda hasi, ukiiacha ile 10k mahali pake. Mlio hautaruka tena kutoka mzito hadi mwembamba, utateleza, kwa sababu kapasita hiyo inahitaji karibu sekunde 0.12 kufuata kila badiliko. Ukitaka utelezi mrefu zaidi, usiongeze kapasita tu. Ongeza na muda wa chipu ya taa, la sivyo mlio utageuka kabla haujafika. Na usije ukaunga mguu wa 6 wa chipu ya taa moja kwa moja na mguu wa 5 wa nyingine ukitafuta ulaini zaidi: R2 ya 68k haina nguvu ya kusukuma zile rezista za 5k za ndani, taa itasimama. Pitisha kwanza kwenye transista ya NPN kama BC547: besi kwenye mguu wa 6, kolekta kwenye chanya, na emita iende mguu wa 5 kupitia rezista ya 1k, pamoja na rezista ya 4.7k kutoka emita hadi hasi. Hapo utapata ule mlio wa kupanda na kushuka bila ngazi.